Lenzi moja, kamera mbili: jinsi ya kupima lenzi pana ya f/1.4 kabla ya kutoa pesa

Chukua lenzi moja pana ya Leica M, piga nayo picha kwenye kamera ya Leica. Kona ziko safi, majani ya mti yanahesabika. Ifunge lenzi hiyohiyo kwenye Sony A7 kwa adapta, piga tena palepale. Katikati hakuna tatizo, ila kwenye kona majani yamevutika kama yamepakwa mafuta.

Lenzi haijaharibika na kamera haina kosa. Ni vitu viwili vilivyokutana bila kuwa vimetengenezewa kukaa pamoja.

Hilo ndilo la kwanza kulijua kwa yeyote anayewinda lenzi pana ya kuweka fokasi kwa mkono, zile za f/1.4, f/1.5 au f/2 ambazo sasa zinatoka Ujerumani, Japani na China kwa bei za kila aina. Sifa ambazo mtu mwingine ameimwagia lenzi akiwa na Leica hazimsaidii sana mwenye Sony, Canon au Fujifilm. Na kwa kuwa lenzi nyingi za aina hii zinaagizwa mtandaoni bila kushikwa mkononi, makosa yanagundulika pesa ikiwa imeshatoka.

Kwa nini watu wanazitaka

Lenzi pana hapa ni kuanzia milimita 35 kushuka hadi 28, 24 na 21. Namba ya f inaeleza ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. f/1.4 inaingiza mwanga mara 4 ya f/2.8.

Kwenye ukumbi wa harusi wenye taa hafifu, tofauti hiyo si mchezo. Pale ambapo f/2.8 inamlazimisha mpiga picha kutumia spidi ya 1/15 ya sekunde, f/1.4 inampa 1/60. Kwa 1/15 bibi harusi anayecheza anageuka kivuli. Kwa 1/60 ana nafasi nzuri ya kuonekana sura yake.

Fokasi ya mkono nayo ina wapenzi wake. Lenzi haina mota, kwa hiyo inaweza kuwa ndogo, ya chuma, na ikadumu miaka mingi. Pete ya fokasi ina namba za umbali, na mtu aliyezoea anaweka fokasi hata kabla kamera haijafika jichoni.

Zinatumika kwenye kamera za familia mbili. Ya kwanza ni renjifainda, ambayo mfano wake mkubwa ni Leica M iliyoanza na M3 mwaka 1954. Humo mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Anatazama kupitia dirisha la pembeni, anaona taswira mbili za kitu kimoja, anazungusha pete hadi zikutane ziwe moja. Familia ya pili ni mirolesi, kamera zisizo na kile kioo kinachoruka ndani. Hizi zinaonyesha moja kwa moja kile ambacho sensa inakiona, sensa ikiwa ni kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu.

Lenzi za Leica M zinaingia kwenye karibu kila mirolesi kwa sababu ya nafasi. Kwenye Leica M, umbali kutoka mdomo wa kamera hadi filamu au sensa ni milimita 27.8. Sony E ni 18, Nikon Z ni 16, Canon RF ni 20. Nafasi inayobaki ndiyo inayojazwa na adapta. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya Sony haiwezi kuwekwa kwenye Leica M ikafanya kazi, kwa hiyo anayefikiria kuwa na kamera zote mbili huwa anaanzia na lenzi za M.

Kisa cha kioo chembamba

Sasa kwenye tatizo lenyewe.

Kamera za renjifainda hazikuwahi kuwa na kioo kinachoruka. Wabunifu wa lenzi walitumia nafasi hiyo vizuri mno. Biogon ya Zeiss, milimita 21 f/4.5, iliyobuniwa na Ludwig Bertele na kutoka miaka ya 1950, ilisukuma vioo vyake vya nyuma hadi karibu kabisa na filamu. Mistari ilitoka imenyooka, na lenzi ikabaki ndogo. Mwanga ulifika kwenye kona za filamu ukiwa umelala sana, lakini filamu haikujali unakotoka.

Sensa inajali. Chembe zake ni kama visima vidogo: mwanga unaoanguka wima unafika chini, unaolala unagonga ukuta. Juu ya sensa pia kuna kipande cha kioo cha kinga kinachochuja miale isiyotakiwa. Mwanga ukikipita wima, fokasi inasogea kiasi kilekile kila mahali na mpiga picha anaifidia kwa pete bila hata kujua. Ukikipita ukiwa umelala, unahama kutoka njia yake, na kadiri unavyolala ndivyo unavyohama zaidi. Ndiyo maana katikati ya picha haiathiriki huku kona zikiumia.

Leica walilijua hilo. M8 ya mwaka 2006, renjifainda yao ya kwanza ya dijitali, ilipewa kioo chembamba cha nusu milimita hivi ili kulinda kona. Walilipia kwingine. Kioo kilikuwa chembamba mno kuzuia miale ya infraredi, na suti nyeusi za kitambaa cha viwandani zikatoka zambarau. Kampuni ikalazimika kuwapa wenye kamera hizo filta za kufunga mbele ya lenzi. M9 ya mwaka 2009 ilikuja na kioo kinene kidogo, karibu milimita 0.8, na tatizo likatulia.

Kioo cha Sony ni kinene zaidi, kama milimita 2 au zaidi kidogo, na lenzi za Sony zimebuniwa kwa hesabu hiyo. Za Leica hazikubuniwa hivyo. Nikon Z ina kioo chembamba kuliko Sony, na hiyo ndiyo sababu wapenda lenzi za M wengi wamehamia huko.

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Sony A7R ilipotoka mwaka 2013, lenzi pana za M ziliifanya itoe kingo za zambarau. A7R II ya mwaka 2015 ilikuja na sensa inayopokea mwanga kwa upande wa nyuma, visima vikawa vifupi, na zambarau ikapungua sana. Wengi wakadhani mambo yamekwisha. Kioo kilibaki kilekile, na kona ziliendelea kuvutika. Rangi ya pembeni inarekebishika kwenye kompyuta, tena kwa urahisi. Kona iliyovutika hairekebishiki, kwa sababu taarifa yenyewe haikurekodiwa.

Njia tatu za kutoka hapo

Ipo kampuni ya Marekani, Kolari Vision, inayofungua kamera za Sony na kubadilisha kioo kuweka chembamba. Inafanya kazi, lakini ni gharama, na lenzi za kawaida za Sony zinaweza kuanza kulegea kwenye kona baada ya hapo. Ni njia ya mtu mwenye lundo la lenzi za M, si ya anayeanza.

Wengine hufunga mbele ya lenzi kioo dhaifu cha kukuza, kilichochongwa upande mmoja, ili kupinda fokasi irudi inapotakiwa. Inasaidia kwa baadhi ya lenzi. Kufika kwenye nguvu sahihi ya kioo hicho ni kazi ya kujaribu na kurudia, na lenzi moja ikikubali si lazima ya pili ikubali.

Njia ya akili zaidi ni kununua lenzi iliyotengenezewa kamera husika tangu kiwandani. Cosina wa Japani, wanaotengeneza lenzi za jina la Voigtländer tangu 1999, wameliweka wazi hili: Nokton yao ya milimita 21 f/1.4 inauzwa kwa aina mbili, ya Leica M na ya Sony E. Ya Sony imepangwa kwa ajili ya kioo cha Sony, inakaribia kitu hadi sentimita 25 badala ya 50, na ina vituo vya umeme vinavyoiambia kamera lenzi ipo kwenye f ngapi. Ya M ni ndogo zaidi na inahamishika kutoka kamera hadi kamera.

Mwenye Sony pekee, asiye na mpango wa Leica, hana sababu ya kuchukua ya M. Ukubwa mdogo unavutia kwenye picha za tangazo, kisha kona zinamsumbua kila siku.

Jioni moja ya kupima

Vipimo vya maana vinahitaji kamera, kitu cha kuegemeza kamera isitikisike, na jioni moja. Picha zitazamwe kwenye skrini kubwa zikiwa zimekuzwa, maana kwenye simu karibu kila lenzi inaonekana nzuri.

Mchana uanze na kitu cha mbali sana, mnara wa simu au jengo upande wa pili wa bonde. Fokasi iwekwe kwa tundu lililo wazi kabisa. Kama pete imefika mwisho na mnara bado haujakaza, adapta ni nene kuliko inavyotakiwa, na hiyo irudishwe. Kama pete inapitiliza kidogo baada ya mnara kukaza, ni kawaida: adapta nyingi hutengenezwa nyembamba kwa makusudi. Ubaya wake ni kwamba namba za umbali kwenye lenzi hazitaaminika tena, jambo linalowaudhi wapiga picha wa mtaani wanaotegemea namba hizo.

Baada ya hapo, bila kugusa fokasi, mnara uleule upelekwe kona ya juu kushoto, kisha kulia, kisha kona za chini. Picha nne. Kona zote nne zikiwa na ulegevu sawa, ndivyo lenzi ilivyobuniwa, au ni kile kioo cha sensa. Kona moja ikiwa mbaya na tatu nzuri, kuna kioo ndani ya lenzi ambacho hakikukaa sawa. Lenzi ya namna hiyo isivumiliwe hata kama ni ya bei rahisi, wala asije mtu akasema itazoeleka. Kasoro hii hutokea kwa majina makubwa na madogo, na muuzaji anayekubali kurudishiwa bidhaa ana thamani kuliko punguzo la bei.

Kona zikilegea zote, kuna swali moja la kuuliza kabla ya kukata tamaa: je, fokasi ikiwekwa upya kwa ajili ya kona, kona inakaza? Ikikaza, tatizo ni kwamba uso wa fokasi umepinda kama bakuli badala ya kuwa bapa. Kwa picha za majengo hilo ni kero. Kwa picha ya watu waliozunguka meza linaweza hata kusaidia, ikiwa limepinda kuelekea walipokaa. Isipokaza hata kwa fokasi yake yenyewe, basi.

Usiku ukiingia, zitafutwe taa za barabarani. Taa moja iwekwe kwenye kona, tundu likiwa wazi. Lenzi nzuri itaonyesha nukta. Lenzi nyingi za f/1.4 zitaonyesha kitu chenye mabawa, kama ndege mdogo. Kila mpiga picha wa nyota analijua ndege hili na analichukia. Piga tena kwa f/2, kisha f/2.8, uone anatoweka wapi. Kama ni lazima kwenda hadi f/2.8 ili taa iwe taa, mnunuzi wa kupiga nyota amelipia f/1.4 ambayo hataitumia. Wa harusi hana shida, kwani kwenye kona za picha zake huwa kuna mapazia.

Giza la pembeni halina haja ya kipimo kirefu. Kila lenzi ya 21 au 28 iliyo wazi kwenye f/1.4 ina kona nyeusi kuliko katikati, nyingine kwa kiasi kikubwa, na hata kamera inayolisafisha yenyewe inafanya hivyo kwa kuongeza chenga kwenye kona. Wengine wanalipenda.

Fokasi inayohama

Hiki ni kipimo ambacho wengi hukiruka, na ndicho kinachowaliza wenye renjifainda.

Weka rula mezani ikiwa imelala kwa mshazari, karibu mita 1 kutoka kwenye kamera. Fokasi iwe kwenye alama moja, tundu likiwa wazi kabisa. Piga. Bila kugusa pete, piga kwa f/2, f/2.8, f/4. Kwa baadhi ya lenzi sehemu iliyo kali itaanza kuhama kwenda nyuma ya alama kadiri tundu linavyofungwa. Nokton 35 f/1.4 ya Voigtländer imejulikana kwa tabia hii tangu zamani, na bado inapendwa kwa udogo wake.

Kwenye mirolesi dawa ni rahisi: fokasi iwekwe tundu likiwa kwenye f ileile itakayopigiwa, kwa kuwa mtu anaona moja kwa moja kinachotokea. Renjifainda haioni. Dirisha lake halijui tundu liko wapi, kwa hiyo litasema fokasi iko sawa huku picha ikisema vingine.

Je, lenzi pana si ina kina kirefu cha fokasi? Ndiyo, ila si kwenye f/1.4. Lenzi ya 28 ikiwa f/8 na fokasi kwenye mita 3.3, kila kitu kuanzia kama mita 1.65 hadi mwisho wa macho kinakubalika. Ifungue hadi f/1.4, mtu akiwa mita 3, kinachobaki ni kutoka mita 2.6 hadi 3.6. Akisogea hadi mita 1, ni sentimita 11 tu. Hapo kosa dogo la renjifainda linaonekana puani.

Ya renjifainda peke yake

Mwenye Leica M ana maswali mengine ambayo mwenye mirolesi hayamhusu. Dirisha la kawaida la kamera hizi linaonyesha fremu hadi ya milimita 28. Kwa 24 na 21 inabidi kununua dirisha dogo la kuchomeka juu ya kamera, au kutumia skrini ya nyuma kwenye M za dijitali kuanzia M Typ 240. Gharama ya dirisha hilo iingizwe kwenye hesabu mapema.

Pia lenzi nene ya f/1.4 inaziba kipande cha dirisha upande wa chini kulia. Lenzi ya f/2 mara nyingi inaziba kidogo tu. Kwa mtu anayepiga mitaani, hiyo ni tofauti ya kuona mtoto anayekimbilia ndani ya fremu au kutomwona.

Kamera nyingi za M zinapima umbali hadi sentimita 70 tu. Summilux 35 iliyotoka mwaka 2022 inakaribia hadi sentimita 40, lakini chini ya 70 dirisha halisaidii, ni skrini tu.

Na lazima lenzi na kamera zikubaliane. Kama kwenye kipimo cha rula picha inaangukia mbele au nyuma ya alama hata tundu likiwa wazi, mojawapo inahitaji kurekebishwa. Jaribu lenzi nyingine kwenye kamera hiyohiyo kabla ya kumlaumu yeyote. Baadhi ya lenzi za 7Artisans na TTArtisan za China zinamruhusu mnunuzi kurekebisha mwenyewe kwa bisibisi. Si kazi ngumu, ila inataka utulivu.

f/1.4 au f/2?

Tofauti ya f/1.4 na f/2 ni hatua moja ya mwanga. Kwa kamera za sasa ni kama kupanda kutoka ISO 3200 hadi 6400, jambo ambalo watu wengi hawatalitambua kwenye picha iliyotumwa WhatsApp. Upande wa pili wa mizani kuna uzito, dirisha lililozibwa, na bei: Summilux 28 f/1.4 ya Leica ni maelfu ya dola, wakati 28 f/1.4 ya 7Artisans ni mamia. Ultron 28 f/2 ya Voigtländer inakaa katikati, ni ndogo, na kwa mtu anayetembea na kamera kutwa nzima ni ngumu kuikataa. f/1.4 ni ya anayepiga gizani kwa kazi, au anayetaka mandharinyuma iyeyuke hata kwa lenzi pana.

Kwa anayenunua mtumba, hasa lenzi iliyoishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, adui mkubwa ni unyevu. Washa tochi ya simu, fungua tundu lote, mulika kupitia nyuma ya lenzi na utazame kwa mbele kwa pembeni, si moja kwa moja. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na ukungu mweupe unaofunika kioo kizima utaua ukali wa picha kila taa inapoingia kwenye fremu. Zungusha pete ya tundu na uangalie vibapa vyake: vikiwa na mafuta yanayong'aa, au pete ya fokasi ikitikisika kushoto na kulia kabla ya kushika, bei ishuke au lenzi ibaki kwa mwenyewe.